Haikuwa malaria, Mama Neema

Majengo, Dodoma
14 Septemba 2025

Mpendwa Mama Neema,

Salamu kutoka huku kwetu kwenye upepo na vumbi. Sisi wazima. Amani yuko darasa la sita na ameshaanza kunipita kimo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Umesema umenuna, na una haki. Mtu uliyesukana naye nywele tangu darasa la tatu hakosi kuja kumuaga mwanao anayeolewa kwa ajili ya malaria ya siku mbili. Haikuwa malaria. Nilikudanganya, maana ulipopiga nilikuwa na wateja watatu mbele ya cherehani, na jambo lenyewe halisemeki mbele ya watu. Baadaye nikaona haya kurudia. Leo nakueleza lote.

Mwaka jana mwezi wa pili niliota jipu pembeni kabisa ya njia ya haja kubwa. Homa ikapanda, kukaa siwezi, kutembea ni kwa kujikongoja. Nikapewa vidonge zahanati, siku ya nne likapasuka lenyewe, na usiku huo nikalala usingizi wa pono. Nikajua yameisha. Wiki kama sita baadaye nikaona pamebaki kitundu kidogo mfano wa kipele, kinachuruza usaha. Kikiziba panavimba, naugua. Kikifunguka napata nafuu, nguo zinachafuka. Nikaishi hivyo mwaka mzima. Kila niliyemgusia aliniambia ni bawasiri, nami nikanunua unga wa bawasiri, nikachemsha mizizi, nikanywa, nikapaka. Hela ya vitenge viwili vizima ilikwenda huko. Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba. Yangu haikuwa hiyo.

Daktari wa upasuaji alinichorea kwenye karatasi ya cheti. Ndani kidogo ya njia ile kuna vitezi vya kutoa ute. Kimoja kikiziba na kuingiwa na vijidudu, usaha hutafuta pa kutokea, unachimba mpaka kwenye ngozi. Jipu likipasuka, ile njia hubaki, mdomo mmoja ndani na mwingine nje. Ndiyo maana kila nilichopaka nje hakikufika penye kazi. Akanipima virusi vya UKIMWI, akaniuliza sana habari za kikohozi na kupungua mwili, kwa sababu kifua kikuu nacho huweza kuleta hali hii, na magonjwa mengine ya utumbo pia. Kwangu hakukuta hata kimoja. Akasema inaitwa fistula.

Hilo jina, Mama Neema, limenitesa kuliko kidonda. Unajua huku kwetu ukisema fistula watu wanaelewa ile ya uzazi, ya mama aliyekaa na uchungu siku nyingi hadi akaanza kuvuja mkojo. Mama mkwe aliposikia alinyamaza, kisha akamwuliza Baba Amani kama niliwahi kuficha jambo siku niliyojifungua. Nilijifungua salama, wewe ulikuwepo! Wanaume nao hupata fistula hii yangu, tena wengi. Lakini nilipomaliza kumweleza nikajisikia vibaya, maana nilikuwa najitetea kana kwamba wale kina mama wa fistula ya uzazi wana kosa. Hawana. Waliumia wakileta watoto duniani.

Sasa nikwambie kuhusu uzi. Njia yangu imepita katikati ya misuli inayobana choo. Daktari angeikata yote ili kidonda kipone kwa kuachwa wazi, huenda nisingeweza tena kuzuia choo wala hewa. Kwa hiyo alinichoma ganzi ya mgongo, akapitisha uzi, unaitwa setoni. Umeingia kwa kitundu cha nje, ukatokea ndani, ukarudi nje na kufungwa ukawa pete. Kazi yake ni kuzuia kitundu kisizibe, usaha upate kutoka kidogo kidogo, pasiumuke jipu jingine. Kuna ule wa kukazwa ili ukate misuli taratibu. Wangu ni wa kulegea, haukati kitu.

Wiki ya kwanza niliogopa hata kupagusa. Halafu siku moja nikachuchumaa juu ya kioo. Ni mpira mwembamba wa bluu, unene wa tambi, na fundo lake limefungwa kwa hariri nyeusi, zamu tatu, ncha zimekatwa fupi zisichome. Nilikagua fundo kwanza, kama ninavyokagua kazi ya mwanafunzi wangu. Lilikuwa fundo zuri. Hofu ikapungua hapo. Daktari aliniambia dawa ya uzi ni ya kale, Wagiriki waliitumia zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwa unywele wa farasi.

Maisha yenyewe ni ya beseni. Kila nikitoka chooni nakaa kwenye maji ya uvuguvugu, dakika kumi au kumi na tano, matupu, bila dawa ya kuulia vijidudu maana inababua. Kisha najikausha kwa kugusagusa na kuweka gozi ya kufungia vidonda iliyokunjwa. Usaha bado upo, na utakuwepo muda wote uzi ukiwepo. Hiyo ni ishara kwamba unafanya kazi. Mwanzoni nililia, nikidhani sijapona. Fundo likigeuka likachoma, nalizungusha taratibu kwa vidole safi vilivyolowa. Choo kigumu ni adui, cha kuhara nacho ni adui, kwa hiyo nimerudi kwenye chakula cha bibi: ugali wa uwele, mlenda, papai, na maji mengi. Kazini nimeshona mto wa sponji, na kila nusu saa nasimama kukata vitambaa. Baba Amani nilimwonyesha. Aliangalia, akasema, “Pole, mke wangu,” na tangu siku hiyo yeye ndiye anayechemsha maji ya asubuhi.

Siku ile ya Neema uzi ulikuwa na siku tisa. Nilikuwa nimeshakata na tiketi. Alfajiri nikajaribu kukaa kwenye kiti cha sebuleni, nikahesabu mwendo wa Bahi, Manyoni, Ikungi, nikavua gauni. Nililia, Mama Neema. Lile gauni la maharusi nilikuwa nimelishona mimi, na sikumwona akilivaa.

Nimeambiwa nisubiri miezi, njia itulie, ndipo wapange upasuaji wa pili wa kuifunga bila kugusa misuli. Wako wanaokaa na uzi miaka. Nikipata homa au uvimbe nirudi siku hiyo hiyo, na uzi ukikatika nisiuvute, niende hospitali. Zaidi ya hayo naruhusiwa kila kitu, safari ikiwemo.

Nakuja mwisho wa Oktoba, nikae siku nne. Mto wangu nitakuja nao. Wewe niwekee lile beseni pana la kufulia, pamoja na ndoo ya maji ya moto jioni, na umwambie Neema aje na gauni lake, alivae nimwone.

Wako,
Mama Amani