Tairi la lori halichomoki ghafla

Mhariri,

Tunaomba nafasi kidogo katika safu ya barua. Mara kwa mara tunasoma kwamba lori au basi limepata ajali baada ya tairi kuchomoka ghafla, na habari huishia hapo, kana kwamba ni radi imepiga. Sisi tunaofunga na kufungua matairi ya magari makubwa hatuwezi kuendelea kunyamaza. Tairi la lori huanza kulegea muda mrefu kabla halijatoka, pengine siku kadhaa, na dalili zake huonekana na yeyote anayejua pa kuangalia.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo ripoti nyingi huyachanganya. Kupasuka kwa tairi ni shauri la mpira. Kuchomoka ni gurudumu zima, mpira pamoja na rimu yake, kuachana na habu, yaani kitovu cha chuma kwenye ncha ya ekseli ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Gurudumu la saizi 315/80 R22.5 lenye rimu ya chuma lina uzito wa kilo 100 na ushei. Likiachia gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, linaondoka na mwendo huohuo, na muuza nyanya aliyeketi kando ya barabara hana pa kukimbilia.

Wengi hudhani kwamba mzigo wa gari unabebwa na stadi, yaani zile bolti zinazotokeza kwenye habu na kufungwa nati. Sivyo. Nati ikikazwa huivuta stadi, stadi hurefuka kidogo mno, na katika kutaka kurudi kwenye urefu wake huibana rimu kwenye uso wa habu. Msuguano wa nyuso hizo ndio unaobeba mzigo na kuhimili breki. Nati ikilegea msuguano unapungua, rimu inaanza kucheza, na stadi inapewa kazi ambayo haikutengenezewa: kupindwa huku na huku kila gurudumu linapozunguka. Tairi la saizi tuliyotaja huzunguka takriban mara 300 kwa kila kilomita moja. Katika kilomita 100 stadi imepindwa mara 30,000. Chuma hakivumilii hayo. Stadi ya kwanza hukatika, jirani zake wanarithi mzigo wake, na kuanzia hapo mambo huenda haraka.

Na tatizo hili ni la kale kama gurudumu lenyewe. Mwaka 2002, katika ardhi ya kinamasi karibu na Ljubljana, Slovenia, lilifukuliwa gurudumu la mbao pamoja na ekseli yake, lenye umri wa zaidi ya miaka 5,000. Kipenyo chake ni kama sentimita 72. Katikati lina tundu la pembe nne, na ekseli ya mwaloni ilichomekwa humo ikabanwa kwa kabari. Fundi yule hakuishia kuchonga duara. Alikaa akafikiri namna ya kulizuia lisitoke. Sisi wenye spana za chuma tunalegeza pale alipokaza yeye.

Sasa tuje kwenye ufungaji. Kabla gurudumu halijapandishwa, uso wa habu na uso wa rimu visuguliwe kwa brashi ya waya mpaka kutu na tope vitoke. Rimu zilizopakwa rangi nene ili zipendeze ni hatari kubwa kuliko wenye magari wanavyofahamu, kwa sababu rangi iliyobanwa katikati husagika na kuwa nyembamba, na nati iliyokuwa imekaza inabaki bila kitu cha kubana. Nati zianzwe kwa mkono, zote, ndipo zikazwe kwa kuvuka upande hadi upande, kwanza kwa nguvu ndogo, kisha kwa kipimo kamili. Kipimo hicho kimo katika kitabu cha gari. Kwa malori mengi ya Ulaya yenye stadi kumi za milimita 22, ni kama niutoni mita 600. Kwa lugha ya gereji, huo ni uzito wa kilo 60 ukining'inia kwenye ncha ya mpini wenye urefu wa mita moja.

Linganisha na yanayotendeka barabarani. Utingo anachomeka bomba la mita mbili kwenye wilispana, na watu wawili wanapanda juu yake. Hapo wamepita kipimo zaidi ya mara nne. Stadi inavutwa mpaka inapoteza uwezo wa kurudi, na tangu siku hiyo haibani tena sawasawa, ingawa nati ukiishika utaiona ngumu. Mashine ya upepo ya kukazia nati nayo, ikiachwa iendelee kugonga bila kipimo, hufanya madhara yaleyale kwa haraka zaidi. Kukaza kupita kiasi na kukaza pungufu mwisho wake ni mmoja.

Malori ya zamani kutoka Japani, hasa Fuso na Isuzu, yana mambo yake mawili. Nati za upande wa kushoto, zenye herufi L, hufungwa kwa kuzungusha kinyume. Asiyejua hilo huongeza bomba akidhani nati imeganda, kumbe ndiyo anaikaza mpaka stadi ikatike. La pili ni matairi mawili ya nyuma yanayofungwa pamoja kila upande. Hapo kuna nati ndefu ya ndani inayoshika tairi la ndani, na juu yake kuna nati ya nje inayoshika tairi la nje. Kukaza nati ya nje peke yake hakukuambii lolote kuhusu ile ya ndani. Njia sahihi ni kulegeza nati za nje kwa kuruka moja moja, kukaza za ndani kwa kipimo, kurudisha za nje na kuzikaza, kisha kuhamia nusu iliyobaki. Ni kazi inayochosha, ndiyo maana hairudiwi barabarani, na tairi la ndani huanza kucheza bila mtu kujua. Pia nati zenye kitako cha mviringo zisichanganywe na zile bapa za malori ya Ulaya, hata kama uzi unakubali. Kitako kisipolingana na tundu la rimu, kinachoshika ni ukingo mwembamba tu.

Hata ufungaji mzuri unahitaji kurudiwa. Nyuso mpya zikibanwa hukaa sawa baada ya mwendo fulani, na mkazo hupungua. Ndiyo maana nati hukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100 tangu gurudumu lifungwe. Anayefungiwa tairi Ubungo, Dar es Salaam, akasimame Mlandizi, na kwa vyovyote asiipite Chalinze kabla ya kurudia. Ni dakika chache kwa gurudumu moja. Madereva wanalijua hili, lakini wengi wanaogopa simu ya tajiri anayeuliza kwa nini gari limesimama. Lawama hapo si ya dereva.

Dalili ni hizi: mchirizi wa kutu unaoanzia kwenye nati kwenda nje, chuma kinachong'aa pembeni ya nati kwa kusuguana, tundu la rimu lililoanza kuwa yai, ufa kati ya tundu na tundu, na sauti butu nati ikigongwa kwa nyundo ndogo wakati wenzake wanalia. Stadi moja ikikatika, badilisha na jirani zake wa pande zote mbili. Zikikatika mbili au zaidi, badilisha zote. Habu ikiwa ya moto upande mmoja tu baada ya kushuka mlima Kitonga, chunguza beringi na breki kabla ya kuendelea, maana beringi ikiharibika huweza kulitoa gurudumu pamoja na habu yake.

Tunaomba mambo matatu. Kila mwenye malori anunue spana ya kipimo inayofika niutoni mita 1,000, na kila gari liwe na kadi inayoonyesha gurudumu lipi lilifunguliwa, tarehe, kilomita, nani alifunga na wapi lilikazwa tena. Askari wa usalama barabarani waiulize kadi hiyo kama wanavyouliza leseni.

Na waandishi wako, Mhariri, wakifika penye ajali ya namna hii waziangalie stadi zilizobaki kwenye habu. Iliyokatika kwa kishindo cha ajali huwa na uso mpya wote. Iliyokuwa ikikatika polepole huwa na sehemu iliyosagika na kushika kutu, na sehemu ndogo mpya pale ilipomalizikia. Wapige picha sehemu hiyo na kuichapisha, kisha wamuulize mwenye gari tairi lile lilifungwa lini na nani.

Mafundi wa magari makubwa,
Morogoro