Mwanangu Rukia, we unapiga halafu unasimama

Mwanangu Rukia,

Marahaba mwanangu, salamu zako mama yako kanipa na ile video ya mechi yenu ya badminton nimeipata. Jana usiku nimeiangalia mpaka simu ikazima chaji, leo asubuhi nimeiweka tena nikakaa nayo barazani na peni mkononi, maana ulivyoandika kwamba mmetolewa kwa sababu ya patna wako, eti mzito, eti hafiki, nikasema ngoja nimtazame huyo mzito mwenyewe.

Pointi ulizosema kazipoteza yeye nimezihesabu, ziko tisa. Katika hizo tisa, sita ni zako. Unapiga smashi nzuri, yale mapigo makali ya kushusha kinyoya chini, mkono unao, siwezi kukunyima hilo, lakini ukishapiga tu unabaki pale pale nyuma unakisindikiza kinyoya kwa macho kama mtu kamfikisha mgeni stendi, sasa kinarudishwa kona ya pili ya nyuma na mwenzio yuko mbele kwenye neti ambako ndiko anatakiwa awe, we ulitaka afike huko na mabawa? Kona zote mbili za nyuma ni zako wakati ule. Yeye anageuka anakimbia anachelewa, kwenye video anaonekana yeye ndo kakosa, na we unaonekana umemnyooshea raketi. Hicho cha kunyoosha raketi kimeniuma kuliko kufungwa kwenu.

Upande wenu wa uwanja wa dabo, wawili kwa wawili, una mita 6.1 kwa 6.7, ni kama ua wetu hapa nyumbani kutoka kisimani mpaka kwenye mwarobaini. Watu wawili wanautosha kabisa ule uwanja ila kwa sharti kwamba hakuna anayepumzika baada ya kupiga. Mkishambulia mmoja mbele mmoja nyuma, mkinyanyua kinyoya juu mnafunguka mnakaa ubavu kwa ubavu kusubiri smashi, hilo unalijua toka darasa la sita. Shida yako ni saa ngapi unahama. We unahama ukishaona kinyoya kinakuja. Mwanangu, uhame kikiwa bado kinaenda! Ukinyanyua ukiwa mbele, rudi nyuma upande ule ule uliopo, usikate katikati, mwenzio akikuona tu umeenda kulia anajua kushoto ni kwake bila hata kuulizana.

Na kile kiruko kidogo huna kabisa. Unakumbuka mlivyokuwa mnaruka kamba pale uani na wenzio wa barabara ya pili, yule anayesubiri kuingia hasimami kama mti, anadunda dunda, magoti laini, anaivizia kamba. Ndo hicho hicho. Mpinzani anapogusa kinyoya, we uwe ndo unatua, miguu imepanuka kidogo, uzito uko mbele ya nyayo, hapo utaenda popote. Ukisimama wima na visigino chini ni mpaka kwanza uamue, kisha uinue mguu, na smashi haikusubiri uamue.

Mazoezi yake huhitaji hata kinyoya. Chora kwa chaki uwanja nusu hapo hosteli, weka makopo sita, mawili mbele, mawili ubavuni, mawili nyuma, mwambie mtu akunyooshee kidole pa kwenda, sekunde ishirini unaenda na kurudi, unapumzika, unarudia. Kila anaponyoosha kidole kiruko kwanza ndo uende. Kwenda mbele hatua ya mwisho iwe ndefu, mguu wa kulia, kisigino kitangulie kugusa chini na vidole vitazame kule unakokwenda, goti lisiingie ndani, wengi wameharibu magoti hapo. Kwenda nyuma usirudi kinyumenyume kama kaa, geuza kiuno kwanza kisha uburure miguu kwa ubavu. Na usifanye na ndala, raba zako nazipeleka sokoni Ngamiani zikashonwe kisha nakutumia.

Mbele kwenye neti mwenzio anasimama vizuri kuliko we. Angalia video dakika za mwanzo, yuko hatua moja nyuma ya mstari wa sevu, wa kuanzishia pointi, na raketi iko juu usawa wa kifua. We zamu yako ukifika mbele unaiganda neti mpaka unaigusa na raketi iko gotini, kinyoya kikija bapa kinakupita sikioni, ukiwa nyuma kidogo ungekiua. Hapo jifunze kwake, wala usione haya.

Sevu sina maneno mengi, yako nzuri, dole gumba limekaa nyuma ya mpini sawasawa. Ila uangalie isizidi kimo, toka 2018 kinyoya chote kinatakiwa kiwe chini ya mita 1.15 kutoka sakafuni unapokigonga, na we mrefu kama shangazi zako, refa makini atakukamata. Ukishasevu inua raketi.

Kile kinyoya cha katikati, mnachokiangalia wote wawili kikaanguka, nacho kina dawa. Mkiwa mnajilinda, aliye mbele ya mpiga smashi alinde mstari na mwili wake, yule wa upande wa pili asogee achukue katikati. Na semeni! Sisi tulikuwa tunaita "changu!" kwa sauti mpaka majirani wanasikia, mimi na baba yako mdogo, Mungu amrehemu.

Yeye ndo nataka nikuhadithie. Tulianzia ufukweni Raskazone, wavu mkuukuu wa kuvulia tumeufunga mnazi na mnazi, tunacheza alfajiri kabla upepo haujaamka, maana kinyoya chenyewe kina gramu tano tu hivi na kusi ikishika inakipeleka baharini. Ndo tulipata miguu pale, mchanga hauna huruma. Baadaye tukaenda kucheza ndani, ukumbi wa shule moja, fainali ya mtaa kwa mtaa, watu wamejaa mpaka madirishani. Tukafungwa. Nikamfokea palepale mbele ya watu, nikamwambia we ndo umetufungisha, hakujibu kitu, akakunja taulo lake akapanda baiskeli akaenda nyumbani peke yake. Tulikaa miezi miwili hatuchezi. Hatukuwa na video siku hizo mwanangu, mi niliamini ni yeye. Nilipokuja kukaa nikakumbuka zile pointi moja moja, zilikuwa kona za nyuma, na aliyekuwa nyuma nilikuwa mimi, nimesimama. Nilimwambia, alhamdulillahi nilimwambia akiwa hai, akasema "mi nilijua kaka, nikasubiri ujue." Tukarudi uwanjani kesho yake.

Kwa iyo nilipokuona umenyoosha ile raketi nilijiona mimi.

Ukipata bando mtafute Hendra Setiawan wa Indonesia, na patna wake Mohammad Ahsan. Wamekuwa mabingwa wa dunia 2013, 2015 na tena 2019, na hiyo ya mwisho Hendra alikuwa na miaka 35, vijana walikuwa wanapiga smashi kumshinda wote na bado hawakumweza. Usimwangalie mkono, funika nusu ya juu ya simu kwa kiganja, uangalie miguu peke yake. Utaona akishapiga tayari yuko kwingine, na Ahsan hageuki kumtafuta hata mara moja, anajua alipo.

Sasa nenda kwa mwenzio leo, usingoje mazoezi ya Jumamosi, mpelekee hii video mkae muiangalie pamoja, we ndo umwonyeshe zile sita. Afu mwambie baba yangu wa Tanga kasema unasimama vizuri kwenye neti. Likizo njoo naye, mama yako atawapikia mihogo ya nazi na samaki, nami nitafunga wavu uani, ile minazi ya Raskazone haipo tena lakini mwarobaini upo na nguzo nishachimbia.

Raba na machungwa ya Muheza vinakuja na basi la Ijumaa, upokee mapema yasije yakaoza.

Baba yako