Kitufe cha kuzima hakibonyezeki? Tazama kwanza ulichoongeza kwenye Devuan

Wateja wetu wa Mwanjelwa, na ninyi mnaotuma kompyuta za kutengenezwa kutoka Mbalizi na Tukuyu, lalamiko ni lile lile: "Mlinipigia Devuan, sasa kitufe cha kuzima kimekuwa cha kijivu, flashi haifunguki, halafu mnataka hela nyingine." Hela hiyo ina sababu.

Devuan ni Debian, yaani mfumo endeshi wa familia ya Linux, iliyoondolewa systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za mfumo. Toleo lake imara la kwanza lilitoka mwaka 2017. Lakini deskitopu (madirisha, menyu na vitufe unavyoviona) lazima ijulishwe nani ameingia kwenye mashine, ndipo imruhusu kuzima au kufungua flashi. Kwenye Linux nyingine nyingi kazi hiyo ni ya systemd-logind, sehemu ya systemd. Hapa tunaikabidhi elogind, ikisaidiana na dbus (inayopeleka ujumbe kati ya programu) na polkit (inayoamua nani ana ruhusa). Kimoja kikikosekana deskitopu inawaka vizuri, ila ruhusa zinakosekana. Andika loginctl kwenye teminali: jina lako lisipoonekana kwenye orodha, tatizo ni hilo.

Kinachowaponza wengi ni kuongeza mstari wa Debian kwenye /etc/apt/sources.list, faili linaloiambia apt, amri ya kusakinisha programu, izichukue wapi, ili kupata programu moja tu. Mtu anaandika apt install, anajibu Y bila kusoma. Libpam-systemd, inayounganisha kuingia kwako na systemd-logind, inaingia, na kwa kuwa haikai na libpam-elogind, inayofanya hivyo kwa elogind, hii ya pili inatolewa. Kama mstari ni wa toleo lile lile la Debian ambalo Devuan yako imetokana nalo, tunaufuta, tunaandika apt update, kisha apt install elogind libpam-elogind, na kurudisha vifurushi vya Devuan kimoja kimoja. Kama ni wa toleo jipya zaidi na libc6, maktaba ambayo karibu programu zote zinaitegemea, imeshapanda, kuishusha ni hatari. Tunanakili /home yako yote (folda ya mafaili yako) na kupiga mfumo upya. Hiyo ni kazi ya siku nzima, si ya dakika kumi, na bei yake haiwezi kulingana na ya kufungua kompyuta na kupuliza vumbi.

Kabla ya kusakinisha, anza na apt -s install na jina la programu. Amri hiyo haisakinishi kitu, inaonyesha tu kitakachotokea. Ukiona elogind kwenye vitakavyoondolewa, acha. Sisi huweka pia faili ndani ya /etc/apt/preferences.d lenye mistari mitatu: Package: libpam-systemd, Pin: release *, Pin-Priority: -1. Linazuia libpam-systemd isisakinishwe. Tafadhali msilifute.

Kuhusu deskitopu yenyewe, mashine ya RAM GB 2 tunaipigia Xfce, ambayo ndiyo chaguo la kawaida la Devuan, au LXQt. KDE Plasma, deskitopu nzito zaidi, inakubaliana na elogind, ila tunaiweka kuanzia GB 4 na diski ya SSD. GNOME, deskitopu nyingine, hatuipigi kwenye Devuan hata mteja akiongeza hela: mwaka 2025 watengenezaji wake walitangaza kuifunga zaidi na systemd, na hatutaki kuuza kitu kitakachokwama sasisho lijalo.

Ukileta mashine iliyoharibika, usijaribu kuifomati kwanza. Tunahitaji /var/log/apt/history.log, kwa sababu humo ndimo tunapoona siku na amri iliyoitoa elogind.