Nyangumi aliye na mtoto tumwache jamani

Mheshimiwa Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme hili la nyangumi, maana kusi ndo hilo linavuma na watu wa boti hapa Tanga wameshaanza kutangaza safari za kwenda kuwaona, kwenye magrupu ya wasap kila siku picha za mkia tu. Mimi sipingi watu kwenda, waende na watoto wao wakaone, ninachopinga ni namna tunavyowaendea hasa yule mama mwenye mtoto.

Hawa wanaopita kwetu ni nyangumi wenye nundu, wanatoka kusini kabisa kwenye barafu za Antaktika na huku wanaonekana kuanzia kama mwezi wa saba hivi mpaka wa kumi, wengine hata wa kumi na moja. Wanafuata maji ya uvuguvugu, wanakuja kupandana na kuzaa. Kula huku ni kama hawali, chakula chao kimebaki kule kwenye baridi, wanaishi kwa mafuta waliyokuja nayo mwilini. Sasa fikiria mama kabeba mimba karibu mwaka mzima, kazaa mtoto wa mita nne na kitu mwenye uzito unaokaribia tani moja, anamnyonyesha maziwa mazito kila siku na yeye mwenyewe tumboni hamna kitu, na bado ana safari ya kurudi kusini na huyo mtoto ubavuni. Kwetu mzazi aliyejifungua tunamwacha ndani arobaini yake iishe, hapigiwi kelele wala hasumbuliwi, huyu wa baharini tunamfukuza na mashine mbili nyuma ya boti.

Naona tatizo linaanzia kwenye zile video za Marekani. Kule Massachusetts meli kubwa zinatoka na watu mamia, nyangumi anaibuka mdomo wazi pembeni ya meli watu wanapiga mayowe, basi abiria wa huku naye analipa pesa yake anataka hivohivo, nahodha akikaa mbali anaambiwa mbona hutusogezi. Lakini kule majira yao ya joto ndo wakati nyangumi wanakula, wanafukuzia samaki wadogo na hawana habari na mtu, na pamoja na hayo wana taratibu zao za mwendo na umbali. Huku kwetu ni sehemu ya kuzalia. Haiwezi kuwa kitu kimoja.

Nasema haya kwa sababu nimeona. Kazi yangu mimi ni chakula cha wageni wa boti, wali wa nazi, pweza, samaki wa kupaka, tunakula kwenye fungu maji yakitoka. Mwaka jana mwezi wa tisa tumeshapita kisiwa cha Yambe nahodha akaona mvuke unaruka, tukasogea taratibu, kumbe mama na mtoto, mtoto kalala juu juu karibu na kichwa cha mama yake. Hatujakaa sana ikaja boti nyingine mbio ikakata katikati yao. Mama akazama. Mtoto hana pumzi ya kukaa chini kama mama, akaibuka peke yake, na kila akiibuka boti inageuza inamfuata na simu zimenyooshwa, anapumua fyuu fyuu haraka haraka anazama tena, anaibuka kule wanamkimbilia kule. Kwenye boti yetu kulikuwa na mzee mmoja mvuvi wa Mwambani akasimama akapiga kelele, "Mwacheni nyie, mnamchosha mtoto!" Wale hata hawakusikia kwa mlio wa mashine. Nahodha wetu akaondoa boti kabisa na abiria wengine walinuna.

Na mnajua, boti iliyotulia ndo inayoona vizuri. Siku nyingine nahodha huyohuyo alizima mashine mbali tu na wakaja wenyewe wawili wakubwa, tulisikia pumzi kabla ya kuwaona, ule mvuke ukatuangukia unanuka samaki wa juzi, mkia ukapanda upande wa chini una mabaka meusi na meupe. Hayo mabaka kila nyangumi ana yake, wataalamu wanawatambua kwa picha za hapo. Tukalaza sikio kwenye ubao wa chini wa boti tukasikia wimbo, sauti nzito inashuka halafu inapanda kama inalia, wanaoimba ni madume na wimbo mmoja unaweza kwenda dakika ishirini ukaanza upya. Mgeni mmoja alitoa machozi. Hiyo huipati ukiwa unakimbiza.

Nyangumi hawa waliwindwa mpaka wakabaki wachache, ni mwaka 1963 ndo ikakatazwa kuwinda wenye nundu wa upande huu wa kusini, na uwindaji wa biashara kwa ujumla ukasimamishwa 1986. Wameongezeka kwa sababu waliachwa. Sasa wenzetu Afrika Kusini chombo kisicho na kibali hakisogei chini ya mita 300, na hata mwenye kibali haruhusiwi kumsogelea mama mwenye mtoto. Hawaii na Alaska ni yadi 100, yaani kama mita 90. Sisi hatuhitaji kwenda mbali kuona mwisho wake, tuangalie pomboo wa Kizimkazi kule Zanzibar wanavyozongwa na boti asubuhi nzima na watu wanawarukia majini.

Ombi langu kwa watu wa hifadhi ya bahari, halmashauri na wenye boti wenyewe, mkae sasa hivi kabla wateja hawajawa wengi. Mwenye mtoto asifuatwe kabisa, wengine boti isisogee chini ya mita 100, waendewe kwa ubavu na mwendo mdogo, boti moja moja sio tano kwa mpigo, na kuruka majini hapana. Abiria aambiwe haya akiwa bado ufukweni kabla hajalipa, ili akifika kule asianze kumsukuma nahodha, kwa sababu manahodha wengi ni waelewa ila wanaogopa kunyimwa pesa. Na wavuvi wa jarife, zile nyavu kubwa, wapewe namba ya simu ya kupiga pale nyangumi akinasa wavuni, sa hivi mtu akikuta hivyo hajui amwambie nani.

Kikao kikiitwa mimi nitakuja, na chai ya watu wote nitapika.

Msomaji wako,
Raskazone, Tanga