Salma, Nimelala Kwenye Hoteli ya Vizuka

Mpendwa shoga yangu Salma,

Salamu nyingi. Juzi nililala Crescent Hotel, kule Eureka Springs, Arkansas, Marekani, na kwa kuwa niliahidi kukusimulia habari za vizuka vyake, kaa kitako.

Anayetajwa sana ni Michael, fundi mwashi kutoka Ireland. Eti alianguka jengo likijengwa, akafia pale palipo leo na chumba namba 218. Hugonga kuta, hufungua milango. Nilimsikiliza mwongozaji, nikasisimka kidogo, yakaisha.

Kilichoninyima usingizi ni mengine. Hoteli ilifunguliwa mwaka 1886, baadaye ikawa chuo cha wasichana. Mwaka 1937 akaichukua Norman Baker, mtu wa redio ambaye hakuwahi kusomea udaktari, akaifanya hospitali ya saratani. Alitangaza kwamba anaponya bila kisu wala mionzi. Wagonjwa wakaja, Salma! Na dawa yenyewe ilihusu mbegu za tikiti maji na ndevu za mahindi zilizochemshwa.

Unajua nilivyomuuguza mama. Unajua katika miezi ile mtu angeniambia nichemshe mawe, ningechemsha. Kwa hiyo tulipoteremshwa chini, kwenye chumba alikokuwa akiweka maiti, wenzangu wakainua simu kupiga picha za vivuli, mimi nikashindwa kuinua mkono. Mwaka 2019 mtunza bustani alifukua chupa za enzi za Baker nyuma ya hoteli, nyingi, zimefukiwa kama takataka. Sikuweza kuziangalia bila kufikiria waliolazwa juu, wakiamini kesho watapata nafuu.

Linaloniuma zaidi ni hili: mwaka 1940 Baker alihukumiwa kifungo cha miaka 4 kwa ulaghai wa kutumia posta. Ni vipeperushi alivyotuma ndivyo vilivyomtia hatiani. Waliokufa mikononi mwake hawakuwa na kesi yao.

Wanasema usiku nesi huonekana ghorofani akisukuma kitanda cha magurudumu, kisha hutoweka. Wageni hukaa macho wakimsubiri kwa hofu. Nami nilikaa macho, taa imezimwa, sikio mlangoni. Sikusikia gurudumu hata moja. Ningelisikia, ningefungua mlango nimuulize yule aliyelala kitandani anaitwa nani, na kwao wapi.

Nisalimie wote hapo.

Wako akupendaye,
Zuhura