Chujio lililonasa beti

Tanga, Jumapili usiku

Sahibu yangu Omari,

Asalaam aleikum. Natumaini wewe na wa nyumbani hamjambo. Huku sote wazima, ila mama goti bado lamsumbua.

Uliniambia tovuti yenu ya mashairi imeanza kuandamwa na ujumbe taka, nawe wataka kuweka chujio. Soma haya kwanza, maana mimi nimekosea, na walioumia ni wazee wenye heshima zao.

Fomu yetu ya kupokea mashairi ilikuwa ikijazwa na roboti usiku kucha, matangazo ya kamari ya Kiingereza. Nikaingia kwenye mipangilio ya WordPress, programu inayoendesha tovuti yetu, kwenye orodha ya maneno yanayokataliwa, nikaandika "bet". Contact Form 7, programu-jalizi inayotengeneza fomu yetu, huifuata orodha hiyo hiyo. Matangazo yakakatika siku ile ile, nikalala kwa raha.

Kumbe WordPress haingoji neno liwe peke yake. Hulinasa hata likiwa tumboni mwa neno jingine. Ubeti! Beti! Na washairi wetu unawajua: wakifika kaditamati, wengi hutaja idadi ya beti walizotunga. Wiki tatu nzima, kila aliyefunga shairi kwa adabu hiyo aliambiwa kuna hitilafu, ajaribu tena baadaye. Mzee mmoja wa Pemba alijaribu mara nne. Mashairi 11 niliyakuta yamelala kwenye kasha la taka la Flamingo, aibu ikanishika. Kama si Flamingo, ambayo huhifadhi yanayotumwa kwa fomu hata yakikataliwa, nisingeyaona kabisa. Iweke hiyo kabla ya chujio lolote.

Neno lile nimelifuta. Sasa nina chambo: sehemu ya fomu iliyofichwa. Binadamu haioni, roboti husoma msimbo wa ukurasa, akaijaza, akajifichua. Hunasa wengi, na mshairi hasumbuliwi na lolote. Nyuma ya chambo ipo Akismet, huduma ya kutambua ujumbe taka. Kwenye Contact Form 7 haifanyi kazi mpaka uongeze chaguo lake kwenye lebo za fomu, mfano akismet:author katika lebo ya jina. Ijaribu kwa kuandika viagra-test-123 mahali pa jina. Ujumbe huo ukipita, hujaiunganisha sawasawa. Nayo Akismet hupeleka kila ujumbe kwenye seva zake ukapimwe huko, basi waambieni watumaji jambo hilo waziwazi.

Mafumbo ya picha usiyaweke. Mtu wa miaka 70, simu ndogo, bando la kuhesabu, achaguzwe picha za mabomba ya zimamoto ya Marekani ndipo shairi lake lipokelewe? Hapana, Omari.

Kesho nampigia yule mzee wa Pemba kumwomba radhi. Shairi lake latoka Ijumaa. Nawe fungua orodha yako usiku huu huu. Kama umeshaandika neno lile, lifute, kisha uniambie umekuta mangapi.

Nisalimie watoto.

Wako,
Hamisi