Wito wa Harambee: Vibanda vya Wagonjwa Pokot Kaskazini

Kwa washirika wote, wazazi wetu, vijana na marafiki wa kanisa letu hapa Kitale,

Tunawasalimu katika jina la Bwana. Kamati ya Umisheni inawaalika kwenye harambee itakayofanyika Jumapili ya kwanza ya mwezi wa Agosti, mara baada ya ibada ya pili, kwa ajili ya kituo cha afya anakohudumu mmisionari wetu, mbele ya Kacheliba kwenye njia ya kuelekea Alale. Safari hii hatuombi mashine wala jengo la kuzinduliwa na mgeni rasmi. Tunaomba vibanda vinane vya kulala wagonjwa, tangi la maji, jiko, vyoo viwili na chakula, na kwa kuwa baadhi yenu mmekwisha kuuliza kwa nini kanisa zima lichangie vitu vya kawaida namna hii, mnastahili maelezo kamili.

Dada yetu, ambaye wenyeji humwita daktari ingawa cheo chake ni afisa wa kliniki, hutibu kila anayefika, lakini magonjwa mawili ndiyo yanayomnyima usingizi: kifua kikuu na kala-azar. Kala-azar huenezwa na nzi mdogo wa mchangani anayejificha ndani ya vichuguu, na katika nchi ile vichuguu viko kila upande. Watoto wanaochunga mbuzi hupumzika kando yake mchana, na usiku wa joto familia hulala nje. Aliyeambukizwa hushikwa na homa isiyokwisha, hukonda, hupungukiwa na damu, na bandama huvimba hadi tumbo likawamba kama ngoma. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, zaidi ya asilimia 95 ya wasiotibiwa hufa. Dawa ipo, tena kituoni hapo mgonjwa haitozwi hata shilingi, ila ni sindano mbili kila siku kwa siku 17 mfululizo. Kifua kikuu nacho hudai vidonge kwa miezi 6.

Sasa mfugaji aliyetembea siku mbili akiwa amembeba mtoto mgongoni akae wapi siku hizo 17, ale nini, na mbuzi aliowaacha nyumbani wachungwe na nani? Hilo ndilo linalomshinda dada yetu kuliko uhaba wa dawa, kuliko mto Suam unapofurika na kuikata njia, kuliko hata zile usiku ambazo milio ya risasi za wezi wa mifugo huwafanya wauguzi wazime taa na kulala sakafuni.

Wajumbe watatu wa kamati walifika huko mwezi wa Machi. Walimkuta mvulana wa miaka kama saba, tumbo lake likiwa na alama za chale, kwa maana nyumbani walikuwa wamejaribu kwanza tiba ya kienyeji, na dada yetu amejifunza kutomgombeza mama yeyote kwa hilo, kwani akigombezwa mmoja, wengine kumi hawaji. Mtoto na mama yake walilala kwenye veranda ya kituo, juu ya ngozi ya ng'ombe, na mama alipika uji kwa mawe matatu chini ya mgunga. Kila baada ya sindano za siku, mtoto aliweka kijiwe kimoja kwenye ukingo wa dirisha ili ajue amebakiza ngapi. Mvua ya kwanza iliponyesha, veranda ikaloa yote. Siku iliyofuata mzee wa boma akatuma ujumbe kwamba mifugo inahamia malisho mapya, na mama anahitajika. Dada yetu anatuambia kwamba asubuhi alikuta vijiwe kumi na kimoja, na hadi tunapoandika barua hii, mama na mtoto hawajarudi.

Shida hii ilikwisha kupatiwa njia, na ilipatiwa hapa hapa Kenya. Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyesomea sheria na kuja Kenya mwaka 1969 kama mwalimu, alianza mwaka 1976 kule Wajir utaratibu wa kuwaruhusu wagonjwa wa kifua kikuu wajenge makazi yao ya kuhamahama karibu na kituo, wameze dawa kila siku mbele ya wahudumu, na wakae na jamaa zao hadi watakapomaliza. Makazi hayo yakaja kuitwa manyatta za TB, na maeneo mengine ya wafugaji yakayaiga. Alilolielewa Annalena ni jambo ambalo hata wengi waliosomea udaktari hulisahau: mfugaji hatoroki dawa, anarudi kwa watu wake, na watu wake wakiwa pamoja naye hana sababu ya kuondoka.

Na hapa inatupasa kukiri. Miaka miwili iliyopita tulichanga fedha nyingi tukanunua mashine ya ultrasaundi bila kumuuliza dada yetu anahitaji nini. Sola ya kituo inatosha friji ya chanjo na taa nne tu, na hakuna aliyefunzwa kuitumia mashine hiyo, kwa hiyo ingali ndani ya boksi lake, na kwa heshima yake hajatulalamikia hata mara moja. Safari hii tulimwuliza, na orodha ni yake.

Vibanda vinane vya mabati na sakafu ya saruji vitagharimu shilingi 520,000. Tangi la lita 10,000 pamoja na mifereji yake, 140,000. Jiko na vyoo viwili, 180,000. Na chakula cha wagonjwa na wasindikizaji wao kwa mwaka mzima, 260,000. Jumla ni shilingi 1,100,000. Sadaka maalumu za Pasaka zilileta 215,000, kwa hiyo zinasalia 885,000.

Anayetoa fedha ampe mweka hazina na apokee risiti, au atume kwa namba ya M-Pesa ya kanisa iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Asiye na fedha na alete mahindi au maharagwe, hata gorogoro moja. Kuku watapigwa mnada siku hiyo hiyo kama ilivyo desturi yetu. Tunawasihi msilete nguo kuukuu wala dawa zilizobaki nyumbani, kwa sababu hizo za pili dada yetu hulazimika kuziteketeza.

Lori la vifaa litaondoka Jumanne ya wiki ile ile, saa kumi na moja alfajiri, ili lishuke mteremko wa Kongelai kungali na ubaridi. Tunahitaji maseremala wawili na mwashi mmoja wa kukaa huko siku kumi, na walio tayari waandikishe majina yao kwa katibu wa kamati kabla ya mwisho wa mwezi wa Julai.